MAISHA YA TABIBU ABUBAKAR MUHAMMAD BIN ZAKARIA ARRAZI, NA MAFUNZO YAKE JUU YA KUMUULIZA MGONJWA NA KUMSITIRI

Kwa jina la Mwenyezi Mungu twaanza, naye ndiye tumtakaye msaada. Rehema na amani zimfikie bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ewe ndugu yangu msomaji, kijitabu hiki kimeandikwa kukueleza khabari za mtu mmoja katika wakubwa wa ilimu ya utabibu waliopata kutokea katika miji ya Waislamu. Nia yetu si kujifakhiri kwa waliokwisha kupita, kwani sifa za babu hazimponyi mjukuu homa. Nia yetu ni kukionyesha kitu kimoja alichokishika mtu huyu katika kazi yake, nacho ni adabu ya maneno yapitayo baina ya mgonjwa na yule amtazamaye: nini kiulizwe, nini kijibiwe, na nini kifichwe.

Na jambo hili tuna haja nalo kubwa sisi watu wa pwani. Mwanamume wetu akipatwa na maradhi ya mahali pa siri, kama busha, au mkojo kumzibana, au udhaifu katika ndoa yake, huona ni afadhali akae nayo miaka kuliko kuyataja mbele ya mtu. Na pengine hujikaza akaenda hospitali, akamweleza muuguzi, na kesho yake akaisikia khabari yake inazungumzwa barazani. Basi wa kwanza amemficha tabibu, na wa pili amemfichua mgonjwa. Na katika makosa mawili hayo watu hupotea, na watoto hubaki mayatima, kwa maradhi ambayo lau yalisemwa mapema yangetibika.

JINA LAKE NA ASILI YAKE

Jina lake ni Muhammad bin Zakaria, na kuniya yake ni Abubakar. Aliitwa Arrazi kwa kunasibishwa na mji wa Rayy katika nchi ya Uajemi, mji wa kale ambao leo umeungana na mji wa Tehran. Tahadhari, ewe msomaji, usimchanganye na Imamu Fakhruddin Arrazi, mwenye tafsiri kubwa ya Kurani, aliyekufa mwaka 606 wa Hijra (1210). Wote wawili wametoka mji mmoja na nisba yao ni moja, lakini baina yao iko karibu miaka mia tatu, na ilimu zao mbalimbali.

Al-Biruni, mwanachuoni mashuhuri aliyeandika orodha ya vitabu vyake, ametaja kuwa alizaliwa siku ya kwanza ya mwezi wa Shaaban, mwaka 251 wa Hijra, nao ni mwaka 865 wa Miladi. Katika ujana wake husimuliwa kuwa alikuwa mpiga udi na mwimbaji, na alipoota ndevu akaiacha kazi hiyo, akiona kuwa wimbo utokao baina ya masharubu na ndevu hauna ladha tena. Kisha alijishughulisha na kimia, ilimu ya kuyayusha na kuchanganya madini, na moshi wa majiko hayo husemwa kuwa ndio ulioanza kuyadhuru macho yake. Utabibu aliusoma akiwa mtu mzima. Na hili peke yake ni funzo kwa wale wadhanio kuwa mlango wa ilimu hufungwa mtu aingiapo katika utu uzima.

KAZI YAKE KATIKA NYUMBA ZA WAGONJWA

Zama zile Waislamu walikuwa na nyumba za kutibia wagonjwa, zikiitwa bimaristani, na neno hili ni la Kiajemi, maana yake mahali pa wagonjwa. Arrazi aliwekwa kuwa mkuu wa bimaristani ya kwao Rayy, kisha akawa mkuu wa bimaristani katika Baghdad, mji wa Makhalifa.

Iko hadithi ipendwayo sana na watu, ya kwamba alipotakiwa achague mahali pa kujenga bimaristani ya Baghdad, aliamrisha vipande vya nyama vitundikwe katika pande zote za mji, na pale ambapo nyama ilikawia kuoza ndipo alipopachagua. Lakini hospitali inayotajwa katika hadithi hii ni ile ya Adhud Addaula, nayo ilifunguliwa mwaka 372 wa Hijra (982), na Arrazi wakati huo amekwisha kufa zamani. Kwa hiyo wenye kuchungua tarikhi hawaikubali kama ilivyo. Sisi twaitaja ili msomaji aijue, na ili ajue pia kwamba mtu huyu hana haja ya kuongezewa sifa, kwani zilizo thabiti zatosha.

Na katika zilizo thabiti ni aliyoyaandika Ibn Nadim katika kitabu chake kiitwacho Fihrist, alichokitunga mwaka 377 wa Hijra (987), akiyapokea kwa mzee mmoja wa Rayy. Amesema kuwa Arrazi alikuwa mkarimu, mwema kwa watu, mwenye huruma kwa masikini na wagonjwa, hata akiwapa posho ya mali yake na akiwauguza yeye mwenyewe. Litazame neno hili la kuuguza. Kwa Kiarabu ndilo neno litokalo jina la muuguzi hata leo. Mkuu wa matabibu wa Baghdad hakuona haya kuifanya kazi ya kukaa karibu na kitanda cha masikini, na kumlisha, na kumsikiliza. Basi na asiidharau mtu kazi ya uuguzi, wala mwenye kuifanya asijidharau.

BARAZA YAKE NA WANAFUNZI WAKE

Mzee yule wa Rayy amesimulia tena namna Arrazi alivyokuwa akikaa barazani. Yeye alikaa mahali pake. Mbele yake walikaa wanafunzi wake. Na mbele ya hao walikaa wanafunzi wa wanafunzi wake. Na mbele yao wengine wadogo zaidi. Mgonjwa alipokuja, alimweleza anayoyaona mtu wa kwanza aliyekutana naye. Ikiwa wale wa kwanza wanayo ilimu ya jambo lake, walimjibu. Ikiwa hawana, walimpeleka kwa walio nyuma yao. Hao wakipata, vyema. Na wasipopata, ndipo Arrazi mwenyewe aliposema.

Twaomba msomaji asiipite khabari hii mbio. Iko ndani yake kanuni nzima ya kumhudumia mgonjwa. Kwanza, mgonjwa hakuachwa akisimama mlangoni mpaka bwana mkubwa apate nafasi. Alipokewa na aliye karibu naye, akasikilizwa. Pili, mdogo wa ilimu alipewa ruhusa ya kujibu, lakini katika lile alijualo tu. Tatu, kusema sijui hakukuwa aibu katika baraza ile, bali ndiyo njia ya kumfikisha mgonjwa kwa ajuaye. Aibu ilikuwa ni kumjibu mtu kwa kubahatisha.

Na kabla ya Arrazi, sharia yetu ilikwisha kulikataza hilo kwa msiba uliotokea. Imepokewa katika mkusanyo wa Abu Daud kuwa watu kadha walikuwa safarini, na mmoja wao alipigwa na jiwe kichwani likamjeruhi. Usiku akaota ndoto iwajibishayo josho. Akawauliza wenziwe kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hawaioni ruhusa hiyo naye anaweza kupata maji. Akaoga, akafa. Khabari ilipomfikia Mtume, rehema na amani zimshukie, alikasirika, akawalaumu kuwa wamemuua mwenzao, na akawafunza kuwa dawa ya asiyejua ni kuuliza. Basi yule mtu aliuliza swali la mwili wake kwa watu waliomtakia kheri, wala hawakuwa maadui; kilichomuua ni jibu lisilo na ilimu.

MGONJWA WA HOMA

Arrazi alikuwa na desturi ya kuandika khabari za wagonjwa wake mmoja mmoja, na zimekusanywa katika vitabu karibu khabari 900. Moja katika hizo ni ya mtu aitwaye Abdallah bin Sawada, nayo ndiyo tuonayo kuwa ina faida kubwa kuliko zote.

Mtu huyu alikuwa akishikwa na homa isiyo na mpango: mara humjia killa siku, mara siku ya tatu, mara siku ya nne, na mara siku ya sita. Kabla ya homa hupatwa na kutetemeka kidogo, na alikuwa akienda kukojoa mara nyingi sana. Arrazi akafikiri kuwa ama homa hizi zitageuka kuwa homa ya siku ya nne, ama mtu huyu ana kidonda katika figo. Haukupita muda mrefu, mgonjwa akaanza kutoa usaha katika mkojo. Hapo Arrazi akamjulisha kuwa homa zile hazitarudi tena, na ikawa hivyo.

Kisha akakaa akaandika kwa nini hakuukata mambo mapema. Akaeleza kuwa homa za mchanganyiko alizokuwa nazo mtu huyu zamani zilimvuta kwenye dhana nyengine. Akaeleza kuwa mgonjwa hakumshitakia uzito wa kiunoni, ule uzito aonao mwenye maradhi ya figo asimamapo kama kitu kimening'inia. Na hapo akasema juu ya nafsi yake kuwa yeye ndiye aliyeghafilika asimuulize. Akaeleza tena kuwa kukojoa mara nyingi kungemthibitishia shaka yake ya figo, lau si jambo jengine ambalo hakulijua wakati ule: ya kuwa baba yake mgonjwa alikuwa na udhaifu wa kibofu, na mgonjwa mwenyewe hali hiyo humpata hata akiwa mzima. Baada ya hapo alimpa dawa za kuvuta mkojo mpaka usaha ukakoma, kisha akamtibu kwa udongo wa dawa, na ubani, na ule utomvu mwekundu ambao Waarabu huuita damu ya ndugu wawili. Akapoa kwa muda wa kiasi cha miezi miwili.

Mtazame mtu huyu, ewe ndugu yangu. Alikuwa amemponya mgonjwa wake, na watu wangemsifu, wala hapana ajuaye lililopita moyoni mwake. Lakini aliona kuwa swali moja lililoachwa ni deni, akaliandika deni lake kwa mkono wake ili ajaye nyuma asiliache. Na mengi aliyoyahitaji yalikuwa ni mambo ambayo watu huona haya kuyataja: mkojo, na kibofu, na udhaifu wa mzee wa mtu. Mgonjwa hakuyasema kwa kuwa hakuulizwa, na pengine hakuyasema kwa kuwa hakudhani yana maana.

Ndiyo maana katika maneno ya hekima yaliyohifadhiwa kwake, mna agizo la kuwa tabibu haimfalii kuacha kumuuliza mgonjwa juu ya killa jambo liwezalo kuwa chanzo cha maradhi yake, la ndani ya mwili na la nje yake, kisha ahukumu kwa lile lenye nguvu zaidi. Na kwa upande wa mgonjwa aliagiza kuwa ashikamane na tabibu mmoja amwaminiye, kwani mwenye kuzunguka kwa matabibu wengi huenda akaingia katika kosa la killa mmoja wao.

SIRI ZA WAGONJWA

Mmoja katika wanafunzi wake alipoingia katika utumishi wa mkubwa mmoja, Arrazi alimwandikia waraka juu ya tabia zimpasazo tabibu. Waraka huu upo mpaka leo, na khasa katika mambo ya siri ni kama dira.

Alimweleza kwamba tabibu lazima awe mpole kwa watu, mwenye kuilinda heshima yao wakiwapo na wasipokuwapo, na mwenye kuzificha siri zao. Akampa na sababu yake: mtu huweza kuwa na maradhi anayoyaficha kwa watu wake wa karibu kabisa, baba yake na mama yake na mwanawe, kisha akamweleza tabibu kwa kuwa dharura imemlazimisha. Basi aliyepewa alichonyimwa mzazi, amepewa amana kubwa. Na mwenye kuitoa nje amana hiyo hakumvunjia heshima mgonjwa mmoja tu, bali amewafunza wagonjwa wote kunyamaza.

Akamwagiza tena kuwa atibupo wanawake wa nyumba za watu ayainamishe macho yake, asitazame ila mahali pa maradhi. Akamkataza kiburi, akamkataza ulevi, na akamtaka amtibu fakiri kama amtibuvyo tajiri. Na juu ya yote akamtaka amtegemee Mwenyezi Mungu katika kupoza, wala asizitegemee nguvu zake mwenyewe. Kwani mwenye kujiona kuwa yeye ndiye mponyaji, Mwenyezi Mungu humnyima.

Juu ya namna ya kumjibu mgonjwa aulizaye kama atapona, Arrazi aliona kuwa tabibu ampe moyo na kumtia matumaini ya afya, hata kama yeye mwenyewe hana yakini, kwani hali ya mwili hufuata hali ya nafsi. Sisi twaongeza hapa kuwa kutia matumaini si kusema uwongo. Muuguzi aweza kumwambia mgonjwa yaliyo mema na ya kweli, na lililo zito akamwachia tabibu alieleze kwa wakati wake na kwa upole wake.

VITABU VYAKE

Al-Biruni amevihesabu vitabu na nyaraka za Arrazi kuwa ni 184. Mwenyewe katika uzee wake ameeleza kuwa alikaa miaka 15 akiandika kitabu chake kikubwa usiku na mchana, hata macho yakadhoofika na mishipa ya mkono ikaharibika, na akawa anawaomba watu wamsomee na wamwandikie.

Kitabu cha Mansuri alimtungia Mansur bin Is-hak, liwali wa Rayy. Kitabu kiitwacho Alhawi kilikusanywa baada ya kufa kwake katika karatasi alizoziacha; husimuliwa kuwa waziri Ibn Amid alizinunua kwa dada yake, akawakusanya wanafunzi wake wakazipanga. Kikafasiriwa kwa Kilatini mwaka 1279, na kikapigwa chapa katika mji wa Brescia, Italia, mwaka 1486.

Waraka wake juu ya ndui na surua ni maarufu duniani. Humo alieleza namna ya kuyatenga maradhi mawili hayo, ambayo watu walikuwa wakiyachanganya: ya kuwa maumivu ya mgongo huzidi katika ndui, na dhiki na kichefuchefu huzidi katika surua. Na mapenzi ya Mungu yakawa mgonjwa wa mwisho aliyepatwa na ndui kwa njia yake ya kawaida, kati ya watu wote wa dunia, alikuwa mpishi wa hospitali katika mji wa Marka, pwani ya Banadiri, mwaka 1977. Ama surua ingalipo, na kuchanja watoto ndiyo kinga yake.

Lakini kitabu kiingiacho khasa katika mradi wetu ni kile alichokiita Kitabu cha Asiyehudhuriwa na Tabibu, nacho hujulikana pia kwa jina la Tiba ya Masikini. Alikitunga kwa ajili ya watu wasio na tabibu karibu, akawataja maradhi na dawa zake katika vyakula na vitu vipatikanavyo kwa wepesi. Aliona kuwa swali la masikini lina haki ya kujibiwa kwa lugha aifahamuye na kwa dawa aiwezayo. Na kwa upande wa pili aliandika nyaraka juu ya sababu ziwafanyazo watu kuwaacha matabibu wajuzi wakawafuata wadanganyifu, na juu ya kwamba tabibu hodari si yule awezaye kuponya killa maradhi, kwani hilo haliwezekani. Mdanganyifu huwa na jibu la killa swali. Mjuzi huwa na mpaka, na mpaka huo ndio alama ya ujuzi wake.

Na insafu yatupasa kusema kuwa wanazuoni wengi walimkataa Arrazi katika falsafa yake na katika maneno aliyonasibishiwa juu ya unabii. Hayo twamwachia Mola wake, naye ndiye ajuaye alichokufa nacho. Sisi tumechukua kwake utabibu na adabu ya utabibu, na hekima ni kitu cha muumini kilichompotea, akikiona hukichukua.

UZEE WAKE NA KUFA KWAKE

Mwisho wa umri wake alishukiwa na maji machoni, akawa kipofu. Akashauriwa atolewe maji hayo kwa chombo kama ilivyokuwa desturi ya matabibu wa macho. Husimuliwa kuwa alipojiwa na mtu wa kazi hiyo, alimuuliza tabaka za jicho ni ngapi. Yule mtu hakujua. Arrazi akakataa kuguswa na mtu asiyekijua akitiacho chombo. Na wengine wamesimulia kuwa alisema amekwisha kuitazama dunia mpaka ameichoka.

Ikiwa khabari hii ni sahihi, basi mtu huyu aliyetumia umri wake kuwauliza wagonjwa, alipokuwa mgonjwa yeye hakuiacha haki yake ya kumuuliza amtibuye. Na haki hiyo anayo killa mgonjwa, hata asiyejua kusoma: kuuliza dawa hii ni ya nini, na chombo hiki kitafanya nini, na kuambiwa kwa upole.

Al-Biruni amesema kuwa alikufa Rayy, siku ya tano ya Shaaban, mwaka 313 wa Hijra (925), naye ana miaka 62 ya mwezi. Husemwa kuwa alikufa si tajiri, kwa kuwa mali yake ilikwenda kwa wagonjwa.

YATUPASAYO SISI

Ewe ndugu yangu, tumekwisha kumjua mtu, sasa tujitazame wenyewe. Maneno yetu ni kwa watu wawili.

Wa kwanza ni wewe uliye mgonjwa. Haya ni katika imani, lakini haya isimfikishe mtu kuipoteza nafsi aliyopewa amana. Sayyidna Ali, Mwenyezi Mungu amridhie, aliona haya kumuuliza Mtume jambo la mwili wake kwa kuwa alikuwa mkwewe; hakuliacha, bali alimtuma Mikdadi akamuulizie. Nawe ukishindwa kusema mbele ya watu, omba kusema faraghani, au mtume umwaminiye. Lakini swali lifike. Busha hutokana na vijidudu viletwavyo na mbu, si laana wala si uchafu, na hupasuliwa mtu akapoa. Mkojo wa mzee ukizibana, au ukitoka na damu, si jambo la kungojea. Na ukiulizwa khabari za baba yako na ndugu zako, usidhani wachunguzwa nasaba. Mkumbuke Abdallah bin Sawada.

Na ukimkuta anayekuhudumia ni mwanamke, wala hapana mwanamume awezaye kazi hiyo, jua kuwa wanazuoni wameruhusu kwa dharura, kwa kiasi cha haja. Katika zama za Mtume, Rubayyi binti Muawwidh na wenziwe walitoka vitani wakiwatibu majeruhi, na Rufaida wa kabila la Aslam alikuwa na hema msikitini, na humo ndimo Saad bin Muadh alimouguzwa baada ya vita vya Khandaki. Usijifanye mwenye haya kuliko Saad.

Wa pili ni wewe unayewahudumia wagonjwa. Wewe ndiye yule wa kwanza katika baraza ya Arrazi. Mgonjwa hukuambia wewe kabla ya kumwambia tabibu, na pengine hukuambia lile ambalo tabibu halisikii kamwe. Msikilize mpaka amalize. Muulize yapasayo, kwa sauti isiyofika kitanda cha pili. Usicheke, wala usikunje uso. Ulijualo mjibu, usilolijua mwambie utampelekea ajuaye, kisha umpelekee kweli, usimsahau. Akikuuliza kama aweza kufunga Ramadhani naye ana kisukari, usimkatie kwa rai yako: hatari ya mwili wake ni swali la tabibu, na hukumu ya saumu ni swali la mwanachuoni, na mwanachuoni mwenyewe hatahukumu ila amsikie tabibu. Na alilokwambia usimwambie ila mwenzio wa kazi ambaye mgonjwa huyo amhitaji. Usimwambie mkeo, wala nduguye mgonjwa, wala imamu wa msikiti wake. Aliyemsitiri Muislamu, Mwenyezi Mungu atamsitiri. Nawe siku moja utalala juu ya kitanda kile kile, ukitafuta wa kumweleza.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape ilimu na upole wanaowauguza, na atusitiri sote duniani na akhera. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.